Ukuta wa Mabati Karibu na Nyumba ya Uzazi

Mmeniomba niandike kuhusu miaka yangu ya kazi, na mmeniomba nisiandike sana. Ombi la kwanza nimelikubali. Ninyi vijana wa karakana mnajua kwamba nikianza kueleza jambo, hata chai hupoa. Vyeo nitaviruka, maana aliyepandishwa anajua mwenyewe na asiyepandishwa hajasahau. Nitaandika juu ya bati la migongo, kwa sababu ndilo nililolibeba, nikalikata na kulifunga tangu nilipotoka shule ya ufundi mpaka mwaka huu mliponikatia keki yenye jina langu lililokosewa. Na hasa nitaandika juu ya ukuta mmoja hapa Likasi. Ukiutazama kwa nje huoni ajabu yoyote, lakini kwangu ndiyo kazi kubwa kuliko zote tulizofanya.

Siku ya kwanza nilifika karakanani na shati jeupe. Aliyenipokea ni Papa Kasongo, mkuu wa timu ya kufunga mabati, mtu mfupi mwenye sauti ndogo, mzaliwa wa Kapolowe, ambaye kila alipokasirika alitishia kurudi huko kuvua samaki. Alilitazama shati, akanipa glovu za ngozi zilizokauka kama samaki wenyewe. Kisha akalaza bati jipya juu ya vigoda viwili virefu vya mbao, migongo yake ikitoka kigoda hiki hadi kile, akaniambia niegemee katikati kwa uzito wangu wote. Niliegemea. Bati likanibeba kana kwamba halinijui. Akaligeuza, sasa migongo ikalala sambamba na vigoda, akaniambia niegemee tena. Bati likazama, nami nikaenda nalo mpaka sakafuni, na shati likapata rangi yake ya kazi.

“Unaona?” akasema. “Tôle iko na upande ya nguvu na upande ya bulegevu. Muntu mwenye hayue ile, tôle itamutupa.”

Tôle ndilo jina la bati hapa kwetu, kwa Kifaransa, na nitaliacha hivyo kila mtu anaposema. Somo hilo nililielewa kwa mgongo kabla ya kulielewa kwa kichwa. Nilidhani linahusu kubeba uzito tu, na nilidhani hivyo kwa miaka mingi sana.

Somo la pili lilikuwa la masikio. Papa Kasongo hakupokea kazi kwa macho. Timu ilipomaliza ukuta, alipita akigonga kila bati kwa vifundo vya vidole, kichwa amekiinamisha. Bati lililofungwa sawasawa lilijibu kwa sauti fupi na kavu. Lililolegea lilitetema na kuvuta maneno, na hapo alisimama, hasogei, mpaka mwenye bati lake ashuke kutoka alipokuwa. Hakufoka. Alisema neno moja tu, “Kaza,” akaendelea na safari yake. Tukawa timu ya kukaza. Upepo wa kiangazi ukivuma hapa mjini unapekua kila paa, na kwetu bati linalogongagonga lilikuwa aibu sawa na kutembea barabarani na zipu wazi. Mafundi wa timu nyingine walitucheka kwa kuvunja skrubu nyingi, lakini mabati yao ndiyo tuliyoitwa kurudishia.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kamba ya kupigia mstari, mkasi wa bati, drili, spana, na skrubu zenye washa za mpira ambazo Papa Kasongo alizichungulia moja moja kabla ya kuzikubali. Nyundo aliichukia. Alisema nyundo ni ya mtu ambaye ana mahali pengine pa kwenda. Kijana mmoja aliwahi kupigilia msumari mahali pa skrubu, na mzee akautoa kwa mkono wake, akautia mfukoni, akakaa nao wiki nzima akiutoa na kuutazama wakati wa kula bukari, ugali wetu wa hapa.

Kelele hatukuifikiria hata kidogo. Tulifunga mabati kwenye jengo la kusagia mawe kule Kakanda, na mashine zilipoanza kazi tuliona ukuta wetu wote ukitetemeka, tukasema hayo ni mambo ya mashine. Kelele ilikuwa kama joto na vumbi, kitu ambacho mtu wa kiwanda anakivumilia. Nilikuwa nikirudi nyumbani namfokea mke wangu bila hasira yoyote, naye Béatrice akinijibu kwa mikono. Watoto wetu walijifunza kuita mtu kwa kumrushia kitu. Laiti mtu angeniuliza siku zile kama bati linazuia sauti, ningesema ndiyo, si unaliona limesimama hapo katikati.

Papa Kasongo alipostaafu alirudi Kapolowe kweli, akavua samaki kweli, na timu ikabaki kwangu. Mtu wangu wa kutegemewa alikuwa Mwamba, mzaliwa wa Kakanda, mwenye mikono ambayo spana ilionekana ndani yake kama kijiko cha chai. Mwamba alikuwa amelipokea lile neno la mzee kwa moyo wote. Akikaza yeye, hakuna aliyejaribu kulegeza.

Ndipo likaja jengo la kompresa. Kiwanda kimoja cha mjini, ambacho nitakiacha bila jina kwa kuwa watu wake walitutendea vizuri, kiliongeza mashine kubwa za kubana hewa, na jengo lake likawekwa ukingoni kabisa mwa kiwanja. Ng’ambo ya uzio kuna njia nyembamba, na ng’ambo ya njia kuna zahanati ya mtaa yenye nyumba ya uzazi. Tulifunga mabati yake katika kiangazi kizuri, mstari umenyooka, nami nikapita nikigonga. Yote yalijibu fupi na kavu. Nilijisikia kama bwana harusi. Wakawasha kompresa, mhandisi wa kiwanda akatupa mkono, tukaenda kwenye kazi nyingine.

Mama Véronique alinijia nyumbani siku ya Jumapili, baada ya misa. Yeye ndiye mkunga mkuu wa ile nyumba ya uzazi. Watoto wangu wote walipita mikononi mwake, na kwa sababu hiyo hajawahi kuniogopa. Hakutaka kiti.

“Papa Célestin, ile nyumba mulijenga inaimba mu tumbo ya bamama.”

“Ni mashine njo inaimba, Mama. Minye nilifunga tôle tu.”

“Minye sisikie mashine,” akasema. “Minasikia tôle yako. Kuya usikie.”

Nilikwenda. Chumba kilikuwa tupu saa ile. Alitoa mfukoni mwa koti lake jeupe ile pembe ndogo ya mbao ambayo wakunga hutumia, pana upande mmoja na bapa upande wa pili, yenye tundu katikati. Upande mpana huwekwa kwenye tumbo la mama, sikio likawekwa upande wa pili, na mkunga husikia moyo wa mtoto. Zahanati iliwahi kuwa na chombo cha umeme cha kazi hiyo, kiliishi kwa betri na kikafa kwa kuzikosa. Pembe haikuhitaji kitu ila utulivu. Mama Véronique aliiweka juu ya meza, akaniambia niiname. Nikasikia meza nzima ikinguruma chini kwa chini, mfululizo, bila kupumua. Moyo wa mtoto tumboni ni mdundo mdogo wa chini, na mngurumo ule ulikuwa umekaa palepale unapopita.

Akanieleza yaliyotokea. Wiki iliyopita mama mmoja alikuja na uchungu, na Mama Véronique akamsikiliza kila upande wa tumbo asipate kitu. Aliogopa kwamba moyo umenyamaza. Akampandisha kwenye pikipiki kwenda hospitali kubwa upande wa pili wa mji, na mtoto akazaliwa kando ya barabara, mzima, analia kwa nguvu zote. Kila mtu alishukuru Mungu. Lakini daktari wa eneo, mtu mwenye haki na mpole, alisema neno ambalo hakuna aliyeweza kulipinga: mkunga asiyesikia hawezi kuzalisha. Kama kelele itakuwepo bado mvua zikianza, nyumba ya uzazi itafungwa na akina mama wote wa mtaa watapelekwa ng’ambo ya mji.

“Bataniacha nipime batoto kilo,” Mama Véronique akasema. “Bamama batazala mu njia. Weye unaona ile ni sawa?”

Sikuona kuwa ni sawa. Niliona pia aibu, nawaambia ukweli, maana ukuta ulikuwa wangu. Kuzima kompresa haikuwezekana, kiwanda kizima kilipumua kwa hewa yake. Lakini wakubwa wa kiwanda walikubali kutupa ruhusa, vifaa na muda, wakasema watamwita mtu wa vipimo kutoka Lubumbashi. Mimi sikumngoja. Nilikwenda na timu yangu tukafanya tulilolijua. Tulikaza.

Tulikaza kila skrubu ya ukuta ule, tukaongeza nyingine katikati ya zilizokuwepo. Mwamba alishuka jasho linamtiririka, anacheka. Vigongagongo vyote vidogo vilikwisha, na mngurumo ukabaki peke yake, safi kabisa, mzuri kuliko mwanzo. Mama Véronique alisimama kwenye uzio akanitikisia kichwa kwamba bado.

Basi tukaongeza bati juu ya bati. Hapa wenye kazi hii watanielewa. Mabati ya migongo yana tabia moja nzuri: yanakaa moja ndani ya mwenzake, mgongo katika mgongo, na ndivyo tunavyoyapanga ghalani tangu zamani. Kwa hiyo tulilaza bati la pili ndani ya la kwanza vilevile, tukayashona kwa skrubu pamoja. Tulijenga ghala la mabati lililosimama wima. Mngurumo ulipungua kwa kiasi ambacho mtu mwenye adabu angesema amekisikia, na Mama Véronique siku hiyo hakuwa na adabu.

Mtu wa vipimo alipofika alikuwa mhandisi, mwanamke kijana, Ingénieur Clarisse, na kipima kelele chake ndani ya sanduku lenye sifongo. Mwamba alimwuliza kama amekuja kutuonyesha kazi. Alijibu kwamba amekuja kuuliza, kwa sababu anajua namna sauti inavyokwenda lakini hajawahi kufunga bati hata moja. Tukampenda papo hapo. Alipima njiani, alipima ndani ya nyumba ya uzazi, alipima ndani ya jengo la kompresa mpaka vidole vyake vikawa vyeusi. Kisha akaketi juu ya ndoo.

“Hii appareil inaniambia makelele ni ngapi,” akasema. “Haiseme inatokea fasi gani. Ukuta ni mukubwa, Papa. Ukiniambia fasi gani inasema sana, tunaweza kuanza.”

Nilifikiri juu ya vidole vya Papa Kasongo. Vidole vinajua bati lililolegea, lakini hapa hapakuwa na bati lililolegea, na sikio uchi lilijaa kelele ya mashine. Nikamwona Mama Véronique ng’ambo ya njia anaanika mashuka, na mfuko wa koti lake ukiwa umevimba upande mmoja. Nilivuka njia nikaomba pembe. Alinitazama kama mtu aliyeombwa meno yake.

“Ya kuweka ku ukuta?”

“Ya kusikiliza ukuta, Mama. Sawa vile weye unasikilizaka tumbo.”

Alifikiri. “Uioshe mbele. Na ukiirudisha, uioshe tena.”

Niliiosha. Tuliweka upande mpana juu ya bati, nikaziba sikio la pili kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisikia bati peke yake. Lilikuwa linaongea. Nikasogeza pembe kushuka kwenye mgongo uleule: sauti ileile, nguvu ileile, kutoka juu mpaka chini. Nikasogeza pembeni, nikavuka migongo michache: ikafifia. Nikarudi: ikarudi. Nilimpa Clarisse naye akasikiliza, akafanya safari ileile ya chini na pembeni, akawa anatabasamu huku amefumba macho. Tulikwenda hivyo ukuta mzima, yeye na pembe, mimi na chaki, tukiweka alama pale sauti ilipokuwa kubwa. Alama zikakusanyika katika bendi moja nene, na tulipozunguka ndani tukakuta nyuma yake bomba kubwa la kompresa. Lilikuwa limeshikwa na vibano vya chuma, na vibano vile vilikuwa vimefungwa kwenye fremu ileile inayobeba mabati yetu. Vimekazwa vizuri sana. Mwamba alijikohoza.

Clarisse alichukua bati chakavu akalilaza juu ya mawe mawili, akaanza kueleza, nami nikaona naelezwa siku yangu ya kwanza kazini kwa mlango mwingine. Bati lile ni gumu kwa urefu wa migongo na laini kwa upana. Mtetemo ukiingia, kwa upana unajikokota na kuchoka njiani. Kwa urefu wa mgongo unakimbia, na mtetemo unaokimbia kasi zaidi ndani ya bati kuliko sauti inavyokimbia hewani haukai ndani, unatupwa nje. Bati bapa la uzito uleule lisingetupa sauti kwa urahisi kiasi hicho. Migongo tunayoipenda kwa sababu inabeba mvua na upepo na matako ya mafundi, ndiyo inayoliruhusu bati liseme. Na sisi kwa bomba lile tulikuwa tumelipatia neno la kusema.

“Sasa tutafanya je?” nikamwuliza.

“Tukate fasi bomba inashika ukuta. Alors, ile makelele ingine yenye kupita mu hewa, tuiwekee kintu ya buzito, lakini ya bulegevu. Kintu haina na nguvu ya kusimama yenyewe. Buzito na bulegevu, byote mbiri.”

Kitu kizito na kilegevu hakimo katika ghala la mafundi wa mabati. Mwamba ndiye aliyekipata. Kule nyuma ya kiwanda kulikuwa na rundo la mikanda ya mpira iliyochakaa, ile mipana inayosafirisha mawe kutoka mashine hadi mashine. Mkanda mmoja unahitaji wanaume kadhaa kuunyanyua, na ukiuachia unajilaza popote kama mlevi. Clarisse aliugusa kwa mguu akasema kwamba Lubumbashi wangemuuzia kitu kibaya kuliko hicho katika katalogi yenye picha.

Tulilifungua bomba kutoka ukutani, tukalisimamisha juu ya miguu yake yenyewe kwenye zege, na vipande vya mpira chini ya miguu. Tulisimamisha fremu ya pili ndani ya jengo, mkono mmoja kutoka kwenye mabati, isiguse ukuta mahali popote, na pengo tukalijaza pamba ya mawe, zile nyuzi za kuzuia joto, ambayo tuliikuta katika majiko ya zamani ya kiwanda. Tulikata mpira kwa umbo la mawimbi tukaziba yale matundu madogo ambayo migongo huyaacha juu na chini, ambayo sisi tuliyaona kuwa ya hewa na kumbe ni midomo. Tukatundika mikanda kwenye fremu mpya, mmoja ukipanda juu ya ukingo wa mwenzake. Niliondoka mchana kwenda kutafuta ndoano zaidi. Niliporudi, mikanda ilikuwa imenyooka kama shuka la hoteli.

Mwamba alikuwa ameivuta. Alikuwa ametoboa chini, akapitisha bolti kutoka kwenye mpira mpaka kwenye mabati ya nje, safu nzima, akazikaza mpaka mpira ukalia. Hakuvumilia. Kitu kinachoning’inia bila kufungwa chini kilimwuma machoni, na kusema kweli hata mimi nilipokiona kimenyooka nilisikia raha kifuani. Tukapima. Clarisse alitazama namba, akakitikisa kipimo chake, akatazama tena. Tulikuwa tumepata nafuu ndogo tu. Kompresa zilinguruma, na mawingu ya kwanza ya mvua yalikuwa yanarundikana upande wa Mulungwishi.

Nilikwenda kuiosha pembe. Nikapita nayo nje, chini, usawa wa bolti za Mwamba, na penye kila bolti nilikuta ule mngurumo umetulia unaongea, na katikati ya bolti na bolti kimya. Sauti ilikuwa imepita kwa miguu, kwenye madaraja tuliyoijengea. Nilimwita Mwamba nikampa pembe. Alisikiliza bolti moja. Akasikiliza nafasi iliyofuata. Akasikiliza bolti nyingine, na uso wake ukabadilika kama wa mtu anayesoma barua ya mahakama.

“Legeza,” nikamwambia. Neno hilo sikuwahi kulitamka kazini. “Toa zote. Iache ining’inie.”

“Chef, nifanye kazi kama ya muntu mulevi?”

“Ndiyo. Na uifanye muzuri.”

Alizitoa bolti moja baada ya nyingine, akaziba matundu, na kila mkanda ulipoachiwa ulishuka na kutulia kwa mikunjo mibaya isiyo na mpango. Ukuta wetu wa ndani ulionekana kama nguo za mvua zilizoanikwa na mtu aliyegombana na mke wake. Vijana wawili waligeuka wasiutazame. Tulipomaliza, Clarisse alipima njiani, namba ikawa imeshuka sana, akatuonyesha kipimo kila mmoja kwa zamu yake, kama padri anavyopitisha msalaba siku ya Ijumaa Kuu. Lakini namba si moyo wa mtoto. Alikuwa yeye mwenyewe wa kwanza kusema hivyo.

Kwa hiyo aliitwa daktari. Alikuja kesho yake asubuhi, na mhandisi wa kiwanda akaamuru kompresa zote ziende pamoja, hata ile ya akiba, ili pasiwe na mtu wa kusema baadaye kwamba tulidanganya. Alikuwepo mama mmoja kijana wa mtaa wa Kikula, mimba yake ya kwanza, aliyekubali kusikilizwa mbele ya daktari. Mama Véronique aliichukua pembe mkononi mwangu, akainusa sabuni, akaingia ndani na wale wawili na Clarisse. Sisi wa mabati tulibaki nje chini ya dirisha, kwenye changarawe, helmeti mikononi. Nyuma yetu kompresa zilikuwa zinafanya kazi kwa nguvu zote. Niliuona ukuta wangu umesimama pale katikati, na kwa mara ya kwanza nilielewa kazi yake.

Tulingoja. Mwamba alikuwa akizungusha helmeti kama usukani. Niliwaza wale akina mama wa mtaa, barabara mbovu ya kwenda ng’ambo, pikipiki. Niliwaza kwamba kama tumeshindwa sina kitu kingine kichwani. Kupitia dirishani nilimwona Mama Véronique ameinama juu ya tumbo, sikio kwenye pembe, macho yamefumbwa, hatikisiki. Akahama upande. Akatulia tena. Kisha bila kuinua kichwa wala kufumbua macho, mkono wake wa kushoto ukanyooka mpaka kwenye kizingiti cha dirisha, mbele ya nyuso zetu, na kidole kimoja kikaanza kugonga.

Kiligonga haraka, kidogo kidogo, bila kukosea, mdundo wa mtu mdogo anayekimbia na hajachoka. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Tulikitazama kile kidole. Daktari naye akainama, akasikiliza kwa muda mrefu, na mkono wake ukaja kando ya ule wa mkunga, ukagonga mdundo uleule, vidole viwili pamoja. Akanyanyuka akasema kwa sauti ya kawaida, “Maternité inabakia hapa.” Nyumba ya uzazi inabaki: tuliisikia kutoka nje. Nilitoa machozi na sikuyafuta. Mwamba, mtu mzima mwenye wajukuu, alianza kucheza papo hapo kwenye changarawe, na timu nzima ikamfuata, mabuti yote yakisaga mawe.

Mama Véronique akafungua dirisha.

“Minye njo nasikia mutoto,” akasema, “na munaleta miguu yenu. Kila kiatu minaisikia. Mutoke.”

Tuliangaliana. Tukainama, tukafungua kamba, tukavua mabuti yetu mazito ya kiwandani, kila mmoja akayashika kifuani. Na pale mbele ya kompresa zote zilizokuwa zikinguruma, tukaondoka mstari mmoja juu ya changarawe ile kali, pekupeku, kwa ncha za vidole.